Salamu kwa Mpiga Tarumbeta wa Vumbini

Nchi nitakayoisimulia haipo popote karibu na hapo mlipoketi, kwa hiyo msigeuke kutazama nyuma. Ni nchi ya amani. Tunajua ni ya amani kwa sababu tunakumbushwa kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari, na tena jioni kwa ajili ya wale waliosahau mchana.

Katika nchi yetu historia inapendwa kuliko mahali pengine popote duniani. Wenzetu huko nje wameiacha izurure mitaani, mzee huyu anasema hivi, bibi yule anasema vile, na hakuna wa kuwaamua. Sisi tumeipa wizara. Wizara ya Mambo Yaliyokwisha ina ghorofa saba na lifti inayoshuka tu, na kaulimbiu yake imeandikwa kwa rangi ya dhahabu juu ya mlango: Yaliyopita Si Ndwele. Kazi yake ni nyepesi na ya haki. Jambo likitokea, wizara hulitazama, hulipima, kisha hutamka kwamba limekwisha. Likishatamkwa limekuwa historia, na raia anaruhusiwa kulikumbuka. Lisipotamkwa, halijatokea.

Mimi naitwa Chande Mwinshehe, Katibu Mwenezi wa Chama cha Historia cha Mji wa Vumbini. Msicheke. Mji mdogo nao una jana yake. Chama chetu kina chumba kimoja nyuma ya soko la kuku, na mwenyekiti wetu ni Mwalimu Sengondo, ambaye alifundisha nusu ya mji kusoma na nusu nyingine kuogopa. Wanachama huja kwa wingi siku za mvua, kwa kuwa paa letu halivuji. Kazi yangu mimi, kama cheo kinavyosema, ni kueneza: kuifikisha historia ya Vumbini kwa umma kupitia vyombo vya habari.

Tulianza na gazeti. Nchi yetu ina gazeti moja tu, *Macho ya Mlezi*, na ndiyo maana lina wasomaji wengi. Tulipewa safu iitwayo "Vumbini ya Jana". Mwalimu Sengondo akaandika juu ya njaa ya mwaka wa nzige. Wizara ikairudisha, ikasema njaa ile bado inapimwa. Akaandika juu ya daraja lililoporomoka na basi la harusi. Wizara ikajibu kwa upole kwamba kwa mujibu wa majalada daraja lipo na watu wanavuka. Mwishowe safu ikatoka ikiwa na picha ya Mwalimu enzi za ujana na sentensi moja: "Vumbini ni mji wa zamani." Wiki iliyofuata neno "zamani" likaondolewa hadi uchunguzi ukamilike. Tulipongezwa kwa kuandika kwa ufupi.

Tukaenda kwenye televisheni. Walikuja na kamera kubwa kupiga picha boma letu la kale, na Mkuu wa Mkoa akaja kuwakaribisha. Alisimama mbele ya boma akazungumzia vyoo hadi mkanda ukaisha. Kipindi kiliporushwa tulikusanyika wote kukitazama, na kwa kweli boma lilionekana, nyuma ya sikio lake la kushoto.

Ikabaki redio. Radio Vumbini ilitupa nafasi Alhamisi alasiri, baada ya tanzia na kabla ya bei ya vitunguu. Asiyeijua Vumbini anaweza kudhani hiyo ni nafasi ya kusukumiwa pembeni. La. Hakuna anayethubutu kuzima redio wakati wa tanzia, asije akapitwa na msiba wa mtu, na hakuna anayeizima kabla ya vitunguu. Tulikuwa tumekalia shingo ya mji.

*

Wizara haikutuacha peke yetu. Ilituletea Afisa Mwandamizi, Bwana Lupogo, mtu mpole wa makamo mwenye suti ya rangi ya jivu na peremende mfukoni. Alikaa nasi studioni kila Alhamisi. Alipotaka kukata jambo, kwanza alikupa peremende. Mwalimu Sengondo, mwenye kisukari, aliteseka sana.

Bwana Lupogo alikuwa mtu wa haki. Alitueleza kwamba si uungwana kumsema mtu redioni bila kumpa nafasi ya kujibu, na kwamba marehemu nao ni raia. Kwa hiyo tulipotaka kusimulia habari za Jumbe Mkanga, aliyeanzisha mji wetu enzi za mababu, ilibidi twende kaburini kwake kumwomba ridhaa. Mwalimu Sengondo akaisoma simulizi yote kwa sauti mbele ya kaburi, jua likimchoma utosi. Tukasubiri. Ndege akalia. Bwana Lupogo akauliza mara tatu kama mhusika ana pingamizi, kisha akaandika: "Ameridhia. Ni mtu wa maneno machache."

"Bwana Lupogo," Mwalimu akamwambia tukirudi, "kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Mshindo huo ukitokea, Mwalimu, utatuletea tuupime," akajibu, akampa peremende.

Ndivyo tulivyokuwa tukiishi, kwa kuheshimiana, hadi siku alipokuja Bi Sikudhani.

*

Bi Sikudhani binti Mrisho ni mpika vitumbua wa Mtaa wa Kinu. Aliingia ofisini kwetu mikono yake ikinukia mafuta, akakataa kiti.

"Chande mwanangu, si nyie mnaosema mambo ya kale redioni?"

"Ndio sisi, shangazi."

"Basi semeni kwamba Shomvi kafa."

Mwalimu Sengondo alivua miwani akaanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi. Itanibidi niwaeleze jambo ambalo halikutokea.

Vumbini iliwahi kuwa na bendi ya tarumbeta. Wanaume kumi na wanne, sare nyeupe, kofia nyekundu. Walipiga kwenye harusi, kwenye mpira, Idi na Krismasi, na mpiga tarumbeta kubwa, lile la kuvaliwa mwilini kama chatu, alikuwa Shomvi Kitwana, mume wa Bi Sikudhani. Mwaka ambao Mheshimiwa Mlezi Mkuu alikuwa bado mgeni katika kiti, alikuja kuzindua bomba la maji. Alitarajiwa asubuhi. Bendi iliamriwa ipige wimbo wa mapokezi bila kusita, ili akifika aukute wa moto. Asubuhi ikapita, adhuhuri ikapita. Midomo ikavimba, ya wengine ikachanika. Alipoteremka kwenye gari jua likielekea kuzama, wimbo uliobaki ulikuwa ni ule tu uliowezekana: wa polepole, mzito, unaojikokota. Aliyekuwa na pumzi alikuwa Shomvi peke yake. Ilikuwa ni kama watu wanasindikiza jeneza.

Mlezi Mkuu alisimama, mkono kifuani. Hakukasirika. Ni mtu wa huruma. Alisema tu, "Vijana hawa wamechoka. Wapelekwe wakapumzike." Lori likaja. Wakapanda na vyombo vyao. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, nimeshika kibendera uwanjani, na niliyaona haya kwa macho yangu; au ningeyaona, kama yangekuwa yametokea. Wamepumzika miaka ishirini na sita sasa.

Wizara haikutamka. Na kwa kuwa haikutamka, hapakuwa na bendi, na jukwaa lao pale uwanjani limeandikishwa kama banda la mbuzi. Bi Sikudhani akabaki hapo katikati, si mke si mjane. Alikwenda kwa kadhi; kadhi akamwambia angeweza kuhukumu kwamba mtu amepotea, lakini ili mtu apotee ni lazima kwanza awe aliwahi kuwepo, na cheti cha kuwepo hutolewa na wizara. Alipeleka tanzia redioni. Redio ikataka cheti hicho hicho.

"Unataka kuolewa, shangazi?" nilimwuliza, kwa ujinga wangu.

"Nataka kukaa eda," akasema. "Nataka kutandika jamvi, watu waje waniambie pole. Miaka yote hii nalia mlango nimefunga, nabandika sufuria ya maji ichemke ipige kelele, jirani asinisikie. Shomvi hakunikosea kitu cha kunifanya nimlilie kwa wizi. Nataka kumlilia mume wangu mlango wazi."

Nilipomfikisha kwa Bwana Lupogo, alimkaribisha vizuri.

"Mama, umesema bendi. Bendi ya wapi?"

"Ya mji."

"Mji upi?"

"Huu ulioukanyaga, baba."

"Kumbukumbu zetu hazionyeshi kwamba mji huu uliwahi kuwa na bendi. Sasa ikiwa bendi haikuwepo, mpiga tarumbeta atakuwa alikuwa anapiga wapi? Huoni unamfedhehesha mumeo, kumfanya aonekane mzururaji?"

"Kofia yake ninayo nyumbani."

"Kofia ni vazi tu, mama," akasema, akampa peremende.

Bi Sikudhani aliiweka mezani akaondoka.

*

Baada ya siku hiyo Bwana Lupogo aliingiwa na wasiwasi na kipindi chetu. Aligundua kwamba kila tukisimulia jambo la zamani, kuna msikilizaji anayelikumbuka. Akalikata la mji kuanzishwa, akalikata la soko, mwishowe akaikata historia yenyewe, akisema inawatia watu simanzi kabla ya vitunguu. Kikabaki kipande cha mwisho cha kipindi: salamu za wasikilizaji.

Salamu hazikatwi. Hiyo ni sheria ya nchi. Mlezi Mkuu mwenyewe, kabla hajaitwa kulea taifa, alikuwa bingwa wa kutuma kadi za salamu redioni, na mpaka leo kila Jumapili hutusalimu wananchi wote kwa majina ya wilaya, kisha hujisalimu na yeye. Anayezuia salamu anazuia upendo, na kwetu upendo hauzuiwi na mtu wa cheo cha chini.

Kwa hiyo "Vumbini ya Jana" ikawa kipindi cha salamu. Mwalimu Sengondo alipoambiwa, alikwenda kusimama peke yake kwenye vizimba vya kuku, na nadhani alilia. Bi Sikudhani hakulia. Aliniuliza swali moja.

"Salamu hawazikagui?"

"Hawazikagui, shangazi."

"Nipe kadi."

Alhamisi ile nilisoma kadi za watu wawili waliokuwa wakisalimiana kutoka nyumba moja, kisha nikaishika ya kwake. Nikaisoma. "Mimi Sikudhani binti Mrisho wa Mtaa wa Kinu, salamu zangu zimwendee Shomvi Kitwana, mpiga tarumbeta kubwa, popote pale alipo. Ujumbe: kofia yako bado ipo."

Fundi mitambo alisahau kubonyeza muziki. Redio ikakaa kimya, na nje nikasikia kwamba soko la kuku nalo limekaa kimya, jambo ambalo sijawahi kulisikia. Bwana Lupogo alihamisha peremende kutoka shavu moja hadi jingine.

"Salamu nzuri," akasema. "Fupi."

Wiki iliyofuata zilikuja kadi za nyumba zote kumi na nne. Mpiga ngoma kubwa, popote alipo: mwanao uliyemwacha tumboni sasa ana ndevu. Mpiga matoazi, popote alipo: dada yako alikungoja kwanza, kisha akaolewa, tusamehe. Wiki iliyofuata zikaja za miji mingine, maana mawimbi hayana mipaka. Mtu wa bara alimsalimu mwalimu wake wa hesabu, aliyetoka darasani kufuata chaki, popote alipo: tumeishia sura ya tisa. Mwingine akasalimu kijiji kizima, kwa majina ya nyumba moja moja, kilichokuwa pale ambapo sasa pana bwawa. Kuna aliyelisalimu daraja, na wote waliokuwa ndani ya basi la harusi, bwana na bibi harusi wakitangulia.

Bei ya vitunguu ikasogezwa hadi magharibi, na hakuna aliyelalamika. Chama cha Historia hakijawahi kuufikia umma namna ile. Katika ripoti yangu ya robo mwaka niliandika kwamba mafanikio ni makubwa, na kwamba hatujasema hata neno moja la historia.

*

Ndipo Mlezi Mkuu akasikia.

Yeye hakusikia kitu kibaya. Alisikia watu wakisalimia wiki baada ya wiki, na hakuna anayeitikia. Jambo hilo lilimuumiza kama mtu wa adabu. Akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito kwa uchungu, "nimefadhaika. Nimefedheheka. Wazee wetu walitufunza: kutoa salamu ni hiari, kuitikia ni wajibu. Leo hii nasikia mama anasalimu, kimya! Mtoto anasalimu, kimya! Je, hii ndiyo nchi niliyoilea? Mgeni akipita akatusikia, atasema sisi ni watu wa namna gani? Naagiza, na ninaposema naagiza naomba wenye kalamu waandike, kwamba kuanzia Alhamisi ijayo kila salamu ijibiwe. Hatutamwacha mwananchi yeyote na salamu yake mkononi!"

Makofi yalipigwa hadi redio ikakoroma. Kikaundwa Kitengo cha Taifa cha Kuitikia Salamu, chenye makarani, magari na chai ya saa nne, na Bwana Lupogo akapandishwa cheo kuwa Mwitikiaji Mkuu. Hakuna aliyethubutu kumwuliza Mlezi Mkuu hao wanaosalimiwa waitikieje. Kwetu agizo hutekelezwa kwanza, likieleweka baadaye ni bahati.

Alhamisi ikafika. Bwana Lupogo aliketi mbele ya kipaza sauti, suti mpya, akakohoa kidogo.

"Kwa Bi Sikudhani binti Mrisho wa Mtaa wa Kinu. Ndugu Shomvi Kitwana, mpiga tarumbeta kubwa wa iliyokuwa Bendi ya Mji wa Vumbini, amezipokea salamu zako kwa furaha. Yeye ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali."

Akaendelea na mpiga ngoma, mzima wa afya. Mpiga matoazi, mzima wa afya, na amemsamehe dada yake. Mwalimu wa hesabu, mzima wa afya, chaki imepatikana. Bwana na bibi harusi wa kwenye daraja, wazima wa afya.

Mwalimu Sengondo alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Chande, umesikia? Jana hapakuwa na bendi. Leo wamesema iliyokuwa bendi!"

Nami nikafurahi. Ni nani asingefurahi? Kesho yake alasiri nilikimbia hadi Mtaa wa Kinu nikiwa na kijasho cha habari njema. Nilimkuta Bi Sikudhani ametoa godoro juani. Alikuwa anachambua mchele, mwingi kuliko wa mtu mmoja, na sabuni mpya ya kuogea ilikuwa kwenye sahani kizingitini. Hakuwa amefurahi. Sijawahi kuona uso ulioteseka vile.

"Umenitonesha, Chande," akasema bila kuinua macho. "Shomvi nilikwishamzika moyoni. Kaburi lilikuwa limeota majani. Sasa nimelifukua kwa mikono yangu mwenyewe kwa kile kikadi changu, na ndani hamna mtu. Watu wakipita njia natazama miguu yao. Mchana kutwa natazama miguu ya watu."

"Lakini, shangazi, wamesema ni mzima."

"Wamesema," akajibu. "Nani amemwona?"

Mchele ulikuwa safi tangu nilipofika, naye aliendelea kuuchambua.

*

Kabla ya Alhamisi nyingine alileta kadi ya pili. Niliisoma kama ilivyo, bila kuelewa. Salamu zimwendee mama yangu mzazi, Mwanahija wa Mtaa wa Kinu, popote pale alipo. Ujumbe: nimekukumbuka.

Mji mzima ulikuwa unamjua Mwanahija. Alikufa kitandani kwake, uzee tu, na akatangazwa kwenye tanzia kwa cheti kamili. Bi Sikudhani ndiye aliyemwosha. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza, na bega langu linalikumbuka bado, kwa kuwa njia ya makaburini ina mawe.

Bwana Lupogo alikuja na majibu mengi siku hiyo. Makarani wa Kitengo walikuwa wameongezwa, na kazi ilikuwa imekwenda kasi.

"Kwa Bi Sikudhani binti Mrisho. Bibi Mwanahija, mama yako mzazi, amezipokea salamu zako. Ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Anasema ule vizuri."

Fundi mitambo akanitazama. Nikamtazama Bwana Lupogo. Yeye alikuwa ameshahamia kwenye jibu jingine.

Nilipofika Mtaa wa Kinu godoro lilikuwa limerudishwa ndani. Bi Sikudhani alikuwa ameoga, amevaa nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni. Alitulia kama mtu aliyetua mzigo.

"Umesikia, Chande? Mama yangu nilimwosha kwa mikono hii. Nilimfunga kidevu kwa kitambaa. Ikiwa mtu anayeitika kwa niaba ya mama yangu ndiye huyo huyo anayeitika kwa niaba ya Shomvi, basi wako mahali pamoja. Serikali yenyewe imeniambia."

Alikwenda mlangoni. Akaufungua hadi mwisho, akauwekea jiwe la kinu usijirudie. Kisha akaketi chini katikati ya chumba akamwita mume wake kwa jina, na akalia. Hakulia kwa kelele ya kutisha. Alilia tu kama anavyolia mtu yeyote aliyefiwa, kwa sauti iliyotoka nje ikapita uani ikafika barabarani, na mimi katibu mwenezi wa watu nilisimama pale nikalia naye.

Jirani wa kwanza akaja na jamvi. Wa pili akaja na kuni. Hapakutolewa tangazo lolote, hakuna chombo cha habari kilichohusika, lakini kabla ya usiku kuingia milango ya nyumba zote kumi na nne ilikuwa wazi, na Vumbini yote ilikuwa imeketi chini.

Bwana Lupogo akaja. Alisimama uani na viatu vyake vinavyong'aa, akatazama majamvi, masufuria, wanaume waliovaa kofia, wanawake waliojifunika.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mwalimu Sengondo akainuka polepole, akajikung'uta.

"Hakuna aliyekufa, Bwana Lupogo. Wote ni wazima wa afya, umetuambia wewe mwenyewe. Tumekuja kusalimiana."

Bwana Lupogo alitia mkono mfukoni akatoa peremende. Alizishika kiganjani akitafuta wa kumpa, macho yakizunguka, yakamfikia Bi Sikudhani pale ndani, na nguo yake nyeupe, na kofia nyekundu iliyofifia mapajani mwake.

"Pole, mama," akasema.

Palepale akaziba mdomo kwa mkono. Mbele ya majamvi, pole haisemwi ila kwa mfiwa, na kila mtu uani alikuwa ameisikia. Peremende zikamwagika chini. Aliondoka haraka bila kuziokota, na watoto hawakuziokota pia.

*

Alhamisi iliyofuata nilikwenda kazini kama kawaida. Bwana Lupogo alikuwa amekwishafika. Alikuwa amekonda kwa wiki moja, suti ilimpwaya. Hakunisalimu, nikadhani ni uchovu. Tanzia zikasomwa. Taa nyekundu ikawaka, naye akaanza kusoma majibu bila kuinua kichwa: fulani mzima wa afya, fulani mzima wa afya.

"Kwa mke, wanachama wenzake, na wote wanaomkumbuka," akasoma. "Ndugu Chande Mwinshehe, Katibu Mwenezi wa kilichokuwa Chama cha Historia cha Mji wa Vumbini, amezipokea salamu zenu kwa furaha. Yeye ni mzima wa afya, hofu ni kwenu nyinyi mlio mbali."

Nilikuwa nimeketi kando yake. Magoti yetu yalikuwa yanakaribia kugusana. Fundi mitambo aliinua mkono kana kwamba anataka kunikamata nisianguke.

Bwana Lupogo aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akaitazama tena. Akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Samahani sana, Ndugu Chande," akaninong'oneza, na naapa alikuwa na machozi. "Makarani wamezichanganya. Hii ilikuwa ya wiki ijayo."

Nikamwambia si kitu. Ni kweli si kitu. Serikali yetu imelaumiwa miaka mingi kwa kuchelewa, na mara moja ilipowahi ningekuwa mtu wa ajabu kunung'unika. Nilisubiri bei ya vitunguu, nikaaga, nikatembea hadi nyumbani. Njiani watu walikuwa wakinipisha. Mwalimu Sengondo alikuwa amesimama mlango wa chama chetu, kofia mkononi.

Nyumbani mke wangu, Mwajabu, alikuwa ameketi kitandani. Redio ilikuwa imezimwa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, na jikoni sufuria ya maji ilikuwa inachemka kwa kelele.

"Nimesikia redioni," akasema. "Wamesema u mzima."

Kisha akajifunika uso kwa khanga. Nami nikaenda jikoni nikaitoa sufuria motoni, nikarudi nikaufungua mlango, nikatafuta jiwe la kuuzuia.